Hotuba ya Kuwazindua Wachungaji Kumi na Wanne wa Zamu

Mheshimiwa Mlezi wa Mtandao wa Makanisa ya Kibaptisti ya Kanda yetu, ambaye ameshindwa kufika lakini ametuma kofia yake, ile pale kwenye kiti cha mbele, naomba mtu asiikalie, Mheshimiwa Makamu wa Mlezi, ambaye amekwenda kumwakilisha Mlezi mahali pengine ambako Mlezi pia hakwenda, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Tendaji, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati Tendaji, ambao ni wale wale ila wamehama viti, Katibu wa kanisa hili, mwalimu mstaafu, ambaye naona ameshafungua daftari la kumbukumbu na kuchonga penseli, ahsante mwalimu, lakini mengine si lazima uandike, waheshimiwa mashemasi, kinamama wa idara ya kinamama, kinababa, wale wawili niliowaona, kwaya, mchungaji mwenyeji, ambaye nimeelezwa haongei, na mama mchungaji, ambaye nimeelezwa anaongea, wadau, wanufaika, wageni waalikwa, na wageni mliojialika baada ya kusikia harufu ya jikoni, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Bwana asifiwe!

(Amina chache.)

Nimesema Bwana asifiwe!

(Amina zimeongezeka kidogo. Mtu anakohoa.)

Asifiwe sana. Naomba nijitambulishe, maana mgeni asiyejitambulisha hudhaniwa amekuja kuazima kitu. Mimi ndiye Mratibu Mkuu wa Mtandao huu. Nina miaka kumi na mmoja katika kiti hicho, na kiti chenyewe kimebadilishwa mara tatu, mimi bado. Sisi Wabaptisti, kama mnavyojua, hatuna askofu. Kila kanisa linajitawala, kila mshirika ana sauti yake, na jambo haliwi jambo mpaka hoja itolewe, iungwe mkono, ipigiwe kura kwa kunyosha mikono. Huo ndio uzuri wetu, na mimi nauheshimu kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Kwa hiyo mimi si askofu. Nakaa katika nyumba ambayo ingekuwa ya askofu kama tungekuwa naye, naendeshwa katika gari ambalo askofu angeona aibu kulikataa, na pete hii mnayoiona ni ya ndoa, nimeihamishia mkono wa kulia kwa sababu ya uvimbe.

(Kicheko.)

Msicheke, ni uvimbe kweli, nina karatasi ya daktari.

(Shemasi mmoja, fundi seremala, anapanda jukwaani na kumnong'oneza.)

Naam? Naambiwa hapa niliposimama ni juu ya kisima cha ubatizo, na ubao mmoja si wa kuaminika. Nasogea. Ahsante, shemasi. Mimi nilishazamishwa mara moja, maji mengi, imani ikiwa kamili, sioni sababu ya kurudia nikiwa na suti.

Ndugu zangu, leo ni siku ambayo wajukuu wenu watawauliza mlikuwa wapi, nanyi mtajibu kwamba mlikuwa hapa, mmekaa kwenye mabenchi haya yasiyo na egemeo, mkinisikiliza mimi. Leo tunazindua Programu Jumuishi, Shirikishi na Endelevu ya Wachungaji wa Zamu, ambayo kwa kifupi inaitwa PROJUSHEWAZA. Hebu semeni wote.

(Manung'uniko. Mtoto mmoja anaweza.)

Mpigieni makofi huyo mtoto. Sasa PROJUSHEWAZA ni nini? Kwa lugha ya kawaida, mchungaji akiugua, Mtandao unampeleka mchungaji mwingine akahubiri badala yake mpaka mwenzake apone. Basi, ndiyo programu yote, sentensi moja. Lakini kuifikia sentensi hiyo, wapendwa, tumekaa warsha tisa. Warsha ya kwanza ilipanga tarehe ya warsha ya pili. Ya pili ilipitia hadidu za rejea, ikaona hazirejei popote, ikazirudisha. Ya tatu tuliandaa andiko dhana. Ya nne tukaandaa mpango mkakati. Ya tano tukaoanisha andiko dhana na mpango mkakati, vikakataa kuoana. Ya sita ilikuwa ya upatanisho. Ya saba, ya nane na ya tisa zilihusu masuala mtambuka, na hapo nilitoa mada iliyodumu saa tatu bila kunywa maji, wakanipa cheti, ninacho ndani ya gari, atakayependa kukiona amwone dereva.

(Makofi ya watu wawili, dereva na mpiga picha.)

Ahsanteni. Sasa nije kwenye kanisa hili, ambalo tumelichagua makusudi kuwa kanisa la pailoti, yaani la majaribio. Tumelichagua kwa sababu kilio chake ni cha kitaalamu. Mchungaji wenu ana miaka kumi na tisa hapa, na katika miaka hiyo yote amehubiri akishindana na...

(Mashine ya kupasua mbao inanguruma upande wa pili wa ukuta. Mratibu anafungua mdomo, anaufunga, anangoja, anatazama saa. Mashine inanyamaza.)

...na hiyo. Nashukuru imejitambulisha yenyewe. Naambiwa haipumziki hata Jumapili. Miaka kumi na tisa mtu anapaza Injili juu ya msumeno, bila kipaza sauti, ili bibi wa benchi la mwisho asikie kuwa amesamehewa. Mwishowe koo likasema sasa basi. Mwezi huu mtaalamu wa koo akampima, akamwambia asiseme neno kwa miezi mitatu, hata kwa kunong'ona, na kwamba akikaidi akapanda mimbari hata mara moja moja, sauti itakwenda na haitarudi. Lakini hata kabla ya hapo, koo lilipoanza kukwaruza tu, mchungaji alishafanya linalompasa kila mtumishi mwenye nidhamu. Akauandikia Mtandao.

Na Mtandao ukapokea! Hapo ndipo nataka mtupe sifa zetu. Barua yake ya kwanza tuliigonga muhuri siku hiyo hiyo. Ya pili ilikuwa inaulizia ya kwanza, tukaziambatanisha zisiwe na upweke. Ya tatu ilikuja kwa mwandiko wa mama mchungaji na ilikuwa na maneno fulani, hiyo tuliihifadhi. Ya nne ilikuwa mistari miwili tu: "Nisaidieni mtu wa kuhubiri. Watu wangu wanakaa, wanaimba, wanarudi nyumbani." Barua nzuri mno. Nimeitumia katika semina mbili kama mfano wa namna ya kuandika kwa kifupi.

(Mama mchungaji, amekaa mstari wa mbele kando ya mumewe, anasimama: "Sasa huyo mtu yuko wapi?")

Mama mchungaji, subira yavuta heri.

("Miezi saba tunavuta, baba. Kamba imetukatikia mikononi.")

(Kicheko, kisha makofi marefu kuliko yote yaliyotangulia.)

Nayapokea makofi hayo kwa niaba ya Kamati Tendaji. Mama, kaa, nakusikia, na ofisi yangu inakusikia; dirisha la malalamiko litafunguliwa mara tutakapopata dirisha. Lakini naona mchungaji mwenyewe anaandika kitu katika daftari lake. Ndivyo anavyozungumza siku hizi, sivyo? Teknolojia rahisi, rafiki kwa mazingira. Msomee basi, mama, tusikie neno la mtumishi.

(Mama mchungaji anachukua daftari, anasoma kimoyomoyo, anasonya. "Ameandika yale yale yake ya tangu juzi. 'Mwambieni Mratibu asipate taabu. Kama mtu hajapatikana, Jumapili ijayo nitapanda mwenyewe. Watu hawawezi kukaa njaa.' Mimi nimeshamwambia, ukipanda mimbari hiyo, ukirudi nyumbani usinitafute kwa ishara za mikono.")

Mmesikia? Mmesikia moyo huo? Yaani mtu yuko tayari kuimaliza sauti yake yote iliyobaki ndani ya Jumapili moja! Huo ndio uzalendo wa kiroho, na ndio tunaoutafuta katika kiashiria namba sita cha mpango wetu. Mpiga picha, mchukue mchungaji akiwa ameshika daftari. Mchungaji, tabasamu kidogo. Kidogo zaidi. Basi, acha.

(Bibi kizee wa benchi la mwisho, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri: "Anasema mchungaji atahubiri?" Jirani yake: "Anasema atakuwa bubu, bibi." Bibi: "Eh! Mungu apishe mbali.")

Tulia, bibi yangu, hakuna wa kuwa bubu, kwa maana sasa nakuja kwenye takwimu, na takwimu hazijawahi kumdhuru mtu. Katika Kanda yetu, makanisa yaliyoomba msaada kwa sababu mchungaji hawezi kuhudumu ni kumi na manne. Wachungaji wa zamu waliosajiliwa katika mfumo wetu wa kidijitali ni wangapi? Kumi na wanne! Kumi na wanne kwa kumi na manne, asilimia mia moja, hakuna kanisa lililobaki yatima. Nilipoionyesha takwimu hii kwenye mkutano wa waratibu wa kanda zote, mwenzangu mmoja aliinua mkono akauliza nimewapata wapi, maana kwake amehangaika mwaka mzima hajapata hata mmoja. Nikamwambia, ndugu yangu, uongozi ni karama.

(Mtu katika kwaya anapiga mluzi.)

Na wachungaji hawa si wa kuokoteza. Ni watu waliokomaa. Wastani wa uzoefu wao ni miaka kumi na saba. Wote wameoa, wote wanajulikana na makanisa yao, hakuna hata mmoja mwenye kashfa, na wote, nasisitiza wote, wanaielewa hali ya mchungaji mgonjwa kwa undani usio wa kawaida.

Sasa tunafika kwenye kilele. Dereva, lete ile fremu. Taratibu, kioo hicho. Hiki, ndugu zangu, ni Cheti cha Kanisa Lililohudumiwa. Mlezi ameshakitia saini, mimi nimekitia saini mara mbili, bado kura yenu tu, kwa maana kama nilivyosema sisi si watu wa kushushiwa mambo kutoka juu. Mkikipigia kura, nakitundika pale ukutani juu ya saa, faili lenu linafungwa kwa heshima, jina la mchungaji linaondoka katika orodha ya wahitaji, na kanisa hili linahesabiwa kuwa limesaidiwa. Ni jambo la dakika moja, kisha tule.

(Katibu wa kanisa, mwalimu mstaafu, anainua penseli: "Mheshimiwa, hiyo ni hoja?")

Ni hoja, mwalimu, ila ni ya kirafiki.

("Hoja ni hoja. Nani anaiunga mkono?" Kimya. Dereva: "Mimi.")

Imeungwa mkono! Wanaokubali kwamba kanisa hili limehudumiwa na Mtandao kwa kupatiwa mchungaji wa zamu, wanyoshe mikono juu.

(Mikono miwili. Ya dereva na ya mpiga picha.)

Naona mwamko mzuri upande wa kulia.

(Katibu: "Hao si washirika wa kanisa hili, hawana kura. Na hoja imeungwa mkono na asiye mshirika, ingepaswa kufa hapo hapo. Lakini kwa heshima ya mgeni, naiacha iendelee.")

Ahsante kwa huruma yako, mwalimu. Naam, basi, kwa ajili ya kukamilisha utaratibu tu, maana huwa nauliza na hakuna anayejibu: wanaopinga?

(Mikono yote ya kanisa inapanda. Kwaya nzima. Mashemasi. Mama wa jikoni amechungulia mlangoni na mwiko, naye ameunyosha. Mama mchungaji ameinua miwili, katibu anamwambia ashushe mmoja, anashusha. Bibi wa benchi la mwisho anauliza tunapinga nini, huku mkono wake uko juu.)

Mmh. Shusheni, shusheni mikono, mtachoka. Nadhani swali halikueleweka, hiyo ndiyo changamoto ya kukosa projekta. Kura hii nitaichukulia kama maoni ya wadau.

("Imeandikwa," anasema katibu. "Waliokubali, hakuna. Waliopinga, mia moja na thelathini na mmoja. Hoja imeanguka. Sasa, mheshimiwa, kwa ajili ya kumbukumbu, na mimi huwa siandiki nusu nusu: huyo mchungaji wa zamu aliyepangiwa kanisa letu anaitwa nani? Tumpigie simu, aje Jumapili, tukiridhika tutakirudia cheti chako.")

Swali zuri! Swali la kujenga! Nilikuwa naelekea huko huko. Dereva, lete faili. Si hilo, hilo ni la risiti za mavazi. Jekundu. Sawa. Ndugu zangu, hapa mtaona nguvu ya data. Nafungua ukurasa wa kanisa lenu. Jina la kanisa, ndilo. Eneo, jirani na mashine ya mbao, ndilo. Tatizo, koo. Sawia kabisa. Mchungaji wa zamu aliyepangiwa...

(Mratibu anavua miwani. Anaifuta kwa tai. Anaivaa tena. Anageuza ukurasa, anaurudisha.)

Hewa ya humu ndani ni nzito kidogo. Kuna mtu anaweza kufungua dirisha?

(Katibu: "Jina, mheshimiwa.")

Jina lipo. Naomba kwanza niwaeleze muktadha wa jina.

("Jina.")

Mchungaji wa zamu aliyepangiwa kanisa hili, kuanzia Jumapili ijayo kwa miezi mitatu mfululizo, akihubiri ibada mbili, mafundisho ya katikati ya wiki na mazishi yakitokea, ni... huyu hapa. Huyu mwenye daftari.

(Bibi wa benchi la mwisho: "Nani?" Jirani yake: "Mchungaji wetu, bibi. Ndiye ameletwa amsaidie mchungaji wetu." Bibi: "Mganga hajigangi!" Kanisa linalipuka kwa kicheko. Mashemasi wanapiga mabenchi.)

Utulivu! Utulivu nyumbani mwa Bwana! Hilo ni kosa dogo la kiufundi na nitalieleza kwa uwazi, maana mimi na uwazi ni chanda na pete. Fomu yetu ina kisanduku kimoja kilichoandikwa "Jina la Mchungaji". Kimoja, ili kuokoa karatasi. Mchungaji wenu alipoandika kuomba, dada wa kompyuta ofisini akajaza jina lake pale, kama ambavyo wewe au mimi tungejaza. Mfumo nao, kwa kuwa ni wa kisasa na hauna maswali mengi, ukaona kanisa linahitaji mchungaji na hapa pana mchungaji, ukampanga. Tena ukampanga karibu na nyumbani, hana haja ya usafiri! Ukiliangalia kwa jicho la lojistiki, si kosa, ni ufanisi uliopitiliza.

(Mchungaji anaandika. Mama mchungaji anasoma, safari hii anacheka na machozi yanamtoka: "Anauliza, 'Nikija kuripoti, nijipokee mwenyewe au nisubiri mlangoni?'")

Mchungaji ana ucheshi, ni dalili njema ya afya. Tena...

(Mama mchungaji hajakaa. Hacheki tena. "Baba Mratibu, nikwambie kitu, na uniwie radhi, maana umri wako ni wa shemeji yangu mkubwa. Mimi sauti ya mume wangu ndiyo iliyonioa. Nilikuwa sijamwona uso, nilimsikia akisoma neno nikiwa nje nachota maji. Sasa nyumbani kwangu kimya. Nimekubali kimya cha miezi mitatu, kina mwisho. Kile kingine sitakikubali. Hao kumi na watatu waliobaki, tupe mmoja tu. Hata asiyejua kuhubiri vizuri. Asimame pale, huyu akae.")

(Mama wa jikoni amesogea tena mlangoni, mwiko mkononi.)

Mama... mama mchungaji. Ombi lako limenigusa. Kweli limenigusa, hapa, upande wa kushoto, na mimi si mtu wa kuguswa ovyo. Lakini hao kumi na watatu, kila mmoja yuko mahali pake, na kwa hali ilivyo hakuna anayeweza kuondoka alipo. Naweza kukuahidi kikao. Naweza kukuahidi kwamba hoja yako itafikishwa...

(Mshonaji nguo, mwanamke wa makamo, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, anasimama katikati ya kanisa: "Mwalimu, natoa hoja.")

Dada, hotuba yangu haijaisha.

("Natoa hoja," anasema mshonaji, hamtazami Mratibu. "Mchungaji wetu asitie mguu mimbarini miezi mitatu. Tutahubiri sisi washirika, kwa zamu. Jumapili ijayo ni mimi. Sijui kuhubiri, najua kusoma. Nitasoma Zaburi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mashine ikinguruma nitanyamaza, ikinyamaza nitaendelea. Tuone nani atachoka.")

(Fundi baiskeli, kutoka ukutani, mikono ina grisi: "Naunga mkono. Ya pili niandikeni mimi. Nitasema machache kisha tutaimba." Shemasi seremala: "Ya tatu." Mama wa jikoni, mlangoni: "Mimi ya nne, ila mtanisamehe, nitalia." Mtu: "Hata ukicheka, mama, njoo tu.")

Ngojeni, ngojeni. Kuna miongozo! Kuna mafunzo elekezi ya siku tano!

(Katibu: "Wanaokubali?" Mikono yote, ila wa mchungaji. "Mchungaji, na wewe ni mshirika wa kanisa hili. Una kura.")

Eh, ni kweli, ana kura. Mchungaji, mbona hunyoshi? Watu wako wamekunyoshea, usiwaangushe.

(Mchungaji ameshika kalamu, haandiki. Anawatazama mmoja mmoja, mshonaji, fundi, seremala, mama wa mlangoni. Mkewe ameweka kiganja juu ya daftari. Anaiachia kalamu. Ananyosha mkono, kisha anauficha uso wake kwa mkono wa pili, na mabega yanamtikisika bila sauti.)

Mpiga picha! Hapo hapo, usipoteze! Chozi la mnufaika! Wapendwa, mnaona? Mnaona matokeo ya programu ndani ya saa moja tu tangu kuzinduliwa? Nilijua. Nilikuja hapa nikijua kwamba jamii ikichokozwa kidogo itaibua suluhisho lake yenyewe, na hiyo kitaalamu inaitwa uwezeshaji. Mwalimu, naomba uandike hoja hiyo imepitishwa kwa uratibu wa Mtandao.

("Hoja haikusema hivyo.")

Ongeza tu pale mwishoni, herufi ndogo.

("Ukitaka kuiongeza, toa pendekezo la marekebisho. Lakini huwezi, si mshirika. Nimeandika: waliokubali, wote. Mtandao ulikuwepo, ukisimama.")

Ukisimama. Basi, si haba, kusimama nako ni aina ya msimamo. Ndugu zangu, naona jua limepanda na moshi wa jikoni umepungua, nami najua mtu mwenye njaa husikia nusu. Niruhusuni nihitimishe kwa kaulimbiu ya programu yetu, kisha shukrani, kisha tusogee mezani. Nikisema "Wachungaji wa zamu", ninyi mwitikie kwa nguvu, "Wapo!" Wachungaji wa zamu!

(Kimya.)

Wachungaji wa zamu!

("Wapo," anasema dereva.)

Mtandao wetu!

(Mashine ya mbao inanguruma. Watu wameshaanza kusogeza mabenchi. Mshonaji amemkalisha bibi wa benchi la mwisho mbele, anamuuliza anapenda Zaburi ipi.)

Nitapaza sauti ili nisikike. Namshukuru Mlezi. Naishukuru Kamati Tendaji kwa warsha tisa. Nawashukuru kwa kura zenu, ya kwanza nitaisahau, ya pili nitaitolea ripoti. Na mwisho kabisa, hapa naomba nisome kama ilivyoandikwa, kwa sababu dada wa kompyuta ameniwekea orodha yote na hali zao, na mtu hushukuriwa akiwa mahali alipo: nawashukuru kwa dhati wachungaji wetu kumi na wanne wa zamu, uti wa mgongo wa PROJUSHEWAZA. Wewe wa kanisa la bondeni, uliyelala na mguu kwenye plasta. Wewe wa ng'ambo ya mto, unayeuguza mkeo wodini mwezi wa pili sasa. Ninyi wawili mliofanyiwa upasuaji wa macho katika wiki moja. Wewe ambaye presha haitaki kushuka. Wewe uliyemzika mwanao na hujaweza kufungua Biblia tangu siku hiyo. Ninyi saba mlioandika tu kwamba mmechoka, na hatukuwauliza mmechoshwa na nini. Na wewe hapa mbele yangu, usinijibu. Ninyi nyote mlituandikia mkiomba mtu, nasi hatukuwa na mtu yeyote, hatujawahi kuwa naye, tukawaandika ninyi. Mungu awaponye upesi, ndugu zangu, maana siku mtakapopona, ndipo programu itakapoanza. Ahsanteni kwa kunisikiliza.